Muda Ukiokolewa, Ni wa Nani?

Mwaka jana, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, nilipata alama 87 kwenye ufundishaji kiduchu. Kwa msiosoma ualimu: ufundishaji kiduchu ni pale unaposimama mbele ya wenzako kumi hivi, unafundisha kipande kidogo cha somo kwa dakika kumi, halafu wanakukosoa mpaka unatamani ardhi ipasuke uingie. Ndivyo kaka na dada zetu waliotutangulia wanavyotusimulia. Sisi hatukusimama mbele ya mtu. Tulikuwa wengi, kumbi hazitoshi, wahadhiri ni walewale, basi tukawekewa video kumi na mbili kwenye mfumo, na mwisho wa kila video maswali ya kuchagua. Nilizitazama zote nikiwa kitandani hosteli kwa bando la usiku. Swali moja nalikumbuka vizuri: mwalimu huyu amefanya kosa gani? Jibu lilikuwa C, amewapa wanafunzi mgongo kwa muda mrefu. Nikabofya C. Ikawaka kijani.

Wiki tatu baadaye niko Kidato cha Tatu, wanafunzi sabini na wawili, mada ni kusoma ramani, na nimewapa mgongo kwa dakika zisizopungua ishirini. Sikujua kabisa kama nimewapa mgongo. Nilikuwa nachora mistari ya kontua, chaki inavunjika, jasho linanitoka, na nyuma yangu kelele zinapanda utadhani soko la samaki. Mwalimu mlezi wangu, mama mtu mzima, alikuwa amekaa dawati la mwisho anatazama tu. Kipindi kilipoisha nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo, kwa woga tu. Akacheka. Akaniambia, "Marahaba tena, mwanangu. Kesho ramani ichorwe kabla kengele haijalia. Na ukilazimika kuandika, simama kiubavu, sikio moja libaki darasani."

Kesho yake nikafanya hivyo, na darasa likawa darasa.

Sasa, ningeweza kuishia hapo nikasema kompyuta haifundishi, mkanipigia makofi, tukaenda zetu kantini. Lakini ningekuwa nawadanganya, kwa sababu nimeingia kwenye historia ya jambo hili na nilichokikuta si hicho. Kompyuta inafundisha, na kuna mahali imefundisha vizuri kuliko watu wengi wangeweza. Swali langu ni jingine, na nitaomba mnivumilie maana njia yake inapita kambini.

Mkifungua zile video zetu, wakati mtandao unavutavuta, kuna neno linajitokeza kwenye ukurasa: SCORM. Nilidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni kanuni za kiufundi zinazowezesha somo lililotengenezwa kwenye programu moja lifunguke kwenye mfumo mwingine, na mfumo urekodi nani amemaliza, lini, na kwa alama ngapi. Aliyezianzisha si chuo wala wizara ya elimu ya nchi yoyote. Zilitokana na mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulioanza mwaka 1997 ili vikosi viweze kutumia masomo ya kompyuta ya kila kimoja bila kutengeneza upya, na toleo la kwanza la SCORM likatoka mwaka 2000. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioanza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960 chini ya Donald Bitzer. Fedha zake za mwanzo zilitoka wapi? Jeshi la nchi kavu, la majini na la anga la Marekani. Kwa hiyo mtu akikwambia elimu ya kompyuta ni mtoto wa chuo kikuu, mwambie baba yake alivaa kombati.

Kwa nini jeshi? Angalieni hesabu yao. Askari aliye darasani analipwa mshahara, analishwa, analazwa, na huko kwenye kituo chake cha kazi kuna pengo. Kila wiki inayopunguzwa kwenye kozi ni wiki ya mshahara iliyorudi kazini. Sisi hesabu yetu iko kichwa chini. Mwanafunzi wa chuo halipwi kukaa darasani, yeye ndiye anayelipa, au Bodi inamlipia kwa deni litakalokatwa asilimia 15 ya mshahara wake siku akiajiriwa (akiajiriwa!). Jeshi likifupisha kozi linaokoa fedha zake lenyewe. Chuo kikifupisha muda wa mhadhiri kukaa na sisi, ada haishuki hata shilingi. Hilo tuliweke mfukoni, tutalitoa baadaye.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Jesse Orlansky na Joseph String, walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanyika katika mafunzo ya kijeshi ya Marekani, zikilinganisha darasa la kawaida na ufundishaji wa kompyuta. Matokeo yao yananukuliwa mpaka leo. Waliofundishwa kwa kompyuta walijua sawa na wale wa darasani, wakati mwingine zaidi kidogo, lakini walimaliza kwa muda pungufu wa karibu asilimia 30. Wanafunzi kwa jumla walipenda. Wakufunzi kwa jumla hawakupenda, na sishangai.

Asilimia 30 hiyo inatoka wapi? Waliopita JKT kwa mujibu wa sheria watanielewa haraka kuliko waliosoma vitabu vyote vya saikolojia ya elimu. Mmesimama uwanjani kombania nzima, jua la saa saba, afande anaamuru nyuma geuka, kuruta mmoja anageukia kushoto, na mnarudia wote. Mnarudia tena. Wewe ulishajua nyuma geuka tangu siku ya pili, lakini unamsubiri mwenzako. Na mwenzako naye kesho atakusubiri wewe kwenye kitu kingine. Darasa lolote lina kusubiri kwa namna hiyo. Kompyuta inaondoa kusubiri: anayejua anapita, asiyejua anarudia bila macho ya kombania nzima kumtazama. Hakuna muujiza. Ni muda wa kusubiri umekatwa.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona JKT. Siku ya kujifunza kufungua na kufunga silaha, afande alifungua mbele yetu mara moja, polepole, akitaja kila kipande. Mara ya pili tukafungua naye. Mara ya tatu tukafungua wenyewe, yeye anapita nyuma yetu kimyakimya, na ukikosea unasikia kidole begani. Majina ya vipande ningeweza kuyajua kwa simu, na ningeyajua haraka. Kidole begani nisingekipata. Na kama majina tungeyajua kabla kwa simu, afande angekuwa na saa nzima zaidi ya kupita nyuma yetu.

Sasa niwaonyeshe mashine iliyofundisha vizuri. Miaka ya 1980 Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na tatizo na mafundi wanaoshughulikia vifaa vya elektroniki vya ndege za F-15. Kifaa kikiharibika kinatolewa kwenye ndege na kufungwa kwenye mtambo mkubwa wa kukipima. Shida ni pale mtambo wenyewe unapoharibika. Ubovu wa namna hiyo ni mgumu, na hauji kila siku. Fundi anaweza kukaa miaka kazini akakutana na ubovu mgumu mara chache sana, na mara hizo chache mkubwa wake ndiye anayeutatua, yeye ameshika tochi. (Nani hapa hajawahi kushika tochi baba akitengeneza kitu? Umejifunza nini zaidi ya kushika tochi?)

Alan Lesgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh wakatengeneza programu iliyoitwa Sherlock. Kwanza walikaa na mafundi waliobobea wakachunguza wanavyofikiri wanapotafuta ubovu: wanaanza wapi, wanaondoa kipi, wanapima nini. Kisha wakaweka ubovu mgumu ndani ya kompyuta, mmoja baada ya mwingine. Fundi kijana anaamua mwenyewe apime wapi. Akikwama anaomba msaada, na msaada unakuja kidogokidogo, kidokezo kwanza, si jibu. Mafundi waliotumia Sherlock kwa saa 20 hadi 25 walifikia uwezo wa kutafuta ubovu unaokaribiana na wa wenzao waliowazidi miaka 4 kazini.

Saa 25 dhidi ya miaka 4, jamani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni tangazo la biashara. Lakini ukitulia unaona sababu. Ile miaka 4 haikuwa imejaa mafunzo, ilikuwa imejaa siku ambazo mtambo hauna tatizo. Sherlock ilizikusanya siku chache ngumu ikaziweka pamoja, ikampa kijana usukani badala ya tochi.

Baadaye wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, DARPA, ukafanya kitu cha jamii hiyohiyo kwa mafundi wa mitandao ya kompyuta wa jeshi la majini. Waliwatafuta wataalamu wanaojua kazi na wanaojua kufundisha, wakawaacha wafundishe mwanafunzi mmojammoja, na kile walichokifanya ndicho kikaingizwa kwenye mashine. Waliofundishwa kwa wiki 16 waliwashinda kwenye majaribio mafundi wenye wastani wa zaidi ya miaka 9 melini. Zingatieni mpangilio: kwanza alitafutwa mwalimu bora, na mashine ikawa mwanafunzi wake.

Jeshi hilohilo la majini lakini ndilo lililofanya pia kitu kinachonifanya niandike makala hii.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, afisa kijana wa manowari za Marekani (ziweke nyambizi pembeni, hizo zina utaratibu wake) alipitia kwanza shule iliyoko Newport, jimbo la Rhode Island. Alikaa huko miezi kadhaa akijifunza kuongoza meli, sheria za njia baharini, mitambo na uongozi wa watu, kabla hajakabidhiwa chochote. Mwaka 2003 kozi hiyo ya darasani ikafutwa. Afisa akawa anatoka chuoni anapanda meli moja kwa moja, akiwa na rundo la diski za kompyuta za kujisomea, na mengine atayajifunza melini kwa wakubwa zake. Wenyewe waliibatiza jina la dhihaka, shule ndani ya boksi.

Kwa haki, wazo halikuwa la kipumbavu. Kwenye karatasi lilipendeza sana: nadharia kwa diski, vitendo kwenye meli yenyewe, na akiba ya fedha juu yake. Hata mimi ningepewa nilijadili kwenye semina ya mitaala ningelisifia, ningesema ni kujifunza kwa kutenda. Tatizo ni kwamba manowari si shule. Nahodha na maafisa wake wana meli ya kuendesha. Miaka hiyohiyo idadi ya mabaharia kwenye meli ilipunguzwa, kazi zikabaki zilezile. Kijana anabofya diski usiku akiwa na usingizi, na mkubwa aliyetakiwa kumshika mkono naye hajalala. Muda uliookolewa Newport haukuhamishiwa kwenye mafunzo ya melini. Uliyeyuka. Mwalimu wangu mlezi, yule mama wa dawati la mwisho, alikuwa na vipindi ishirini na sita kwa wiki na mimi juu yake, na wala hakulipwa ziada kwa kunilea. Nikisoma habari za zile meli namuona yeye.

Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na Phillip Balisle, kamanda mstaafu wa jeshi hilo, lilionya kwamba kupunguza mabaharia na mafunzo kumedhoofisha hali ya meli. Mwaka 2012 darasa likarudishwa, la wiki 8 hivi.

Kisha ukaja mwaka 2017. Usiku wa tarehe 17 Juni manowari USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, mabaharia 7 wakafa, wakiwemo waliofikiwa na maji wakiwa vitandani mwao. Tarehe 21 Agosti, kabla hata machozi hayajakauka, USS John S. McCain ikagongana na meli ya mafuta karibu na Singapore. Wakafa 10.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Sisemi diski ziliwaua watu wale, na hakuna uchunguzi uliosema hivyo. Yaliyotajwa ni mengi: uchovu, upungufu wa watu, uongozi mbovu wa zamu, na kwa McCain mkanganyiko kuhusu usukani wa kugusa kwenye skrini, ambao waliokuwa zamu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. (Mwaka 2019 jeshi hilo likaamua kurudisha vishikizo vya mkono vya kuongezea mwendo kwenye manowari za aina hiyo. Skrini nzuri, lakini mkono unataka kitu cha kushika.) Kufikia 2017 maafisa wapya walikuwa wakipita tena darasani. Sasa mbona nazileta diski?

Kwa sababu ya hesabu ya miaka. Kijana aliyepewa boksi mwaka 2005, mwaka 2017 si kijana tena. Ameshapanda cheo. Yeye ndiye mkubwa wa melini anayetakiwa kumshika mkono kijana mpya. Na atamshika vipi wakati yeye hakushikwa? Mwaka 2018 jeshi hilo liliwapima kwenye simuleta maafisa vijana 164 waliokuwa tayari na kibali cha kusimamia zamu ya kuongoza meli. Waliofanya bila kutia wasiwasi ni 27. Wenye dosari kiasi, 108. Wenye dosari kubwa, 29. Wote walikuwa na kibali. Wote kwenye mfumo walikuwa kijani.

Na mniruhusu niseme tena, maana najua kuna watu watanisoma nusunusu: kilichofichua hayo ni kompyuta. Simuleta ni kompyuta inayokuweka kwenye usiku wa bahari yenye meli nyingi, unakosea, hafi mtu, na mkufunzi aliye nyuma yako anakuuliza kwa nini uligeuza kulia. Baada ya ajali zile jeshi hilo liliongeza saa za simuleta pamoja na wakufunzi wa kusimama nyuma. Kwa hiyo tusigombane kuhusu kompyuta. Sherlock ni kompyuta, diski ni kompyuta, simuleta ni kompyuta. Tofauti ni kama mwanafunzi ameshika usukani au amebofya C, na kama muda uliookolewa umerudi kwake au umeondoka naye mhasibu.

Mwenzangu wa chumba, anayesoma mambo ya kompyuta, alinipinga vikali usiku mmoja. Anasema nazungumzia diski za mwaka 2003 wakati leo akili unde inaweza kukutazama kwa kamera ikakwambia sauti yako iko chini na umewapa watu mgongo. Inawezekana, na ikija nitaitumia, sina kinyongo. Lakini nilimkumbusha kwamba Sherlock ni ya miaka ya 1980, imezitangulia diski, na ilikuwa bora mara kumi. Kama ubora ungetokana na upya wa teknolojia, diski zingeshinda. Akanyamaza kidogo, akasema basi ni suala la nani ametengeneza na kwa nia gani. Nikamwambia hapo ndipo ninapotaka tufike, zima taa tulale.

Turudi kwetu. Kozi yetu ilikuwa na mhadhara wa saa 2 kila wiki, na muhula una wiki kumi na tano. Mihadhara hiyo ikageuzwa kuwa video. Mimi sina shida na hilo. Kusema kweli mhadhara wa watu mia sita, umekaa nyuma kabisa, spika inakoroma, hauna tofauti na video, tena video unaweza kuirudisha nyuma. Lakini saa 2 mara wiki 15 ni saa 30 za mhadhiri na saa 30 za ukumbi. Hizo zimeokolewa. Ziko wapi? Ule ufundishaji kiduchu nao ukafutwa papo hapo, ukawa maswali ya kuchagua, kwa maelezo kwamba muda hautoshi. Muda hautoshi, na saa 30 zimetoka kuokolewa muhula huohuo.

Najua jibu la kwanza litakuwa idadi yetu, na ni jibu la haki. Basi tupige hesabu. Tuseme tuko 600. Kila mmoja asimame dakika kumi na akosolewe dakika kumi, ni saa 200 kwa jumla. Ukiwaachia wahadhiri watano, kila mmoja anabeba saa 40, hapo kweli umewaua. Lakini tuna wahadhiri wasaidizi. Tuna wanafunzi wa shahada ya uzamili ambao wamefundisha shule miaka mitano, kumi, wako hapahapa chuoni, tunawaona maktaba. Wakipatikana wasimamizi ishirini, kila mmoja ana saa 10 kwa muhula mzima, chini ya saa moja kwa wiki. Kila mwanafunzi angekuwa amesimama mara moja mbele ya mtu. Ukitumia na zile saa 30 za mhadhiri zilizookolewa na video, baadhi yetu tungesimama mara mbili. Si hesabu ya kutisha. Ni hesabu ambayo hakuna aliyeipiga, kwa sababu tulipopata alama nzuri sote tulinyamaza. Na mimi nilinyamaza. Alama 87 ni tamu, inainua wastani, hakuna anayetaka kwenda ofisini kulalamika kwamba amefaulu. Waliopata sapu kwenye kozi nyingine wangenishangaa.

Ila kuna watoto sabini na wawili waliolipia ile 87 kwa kipindi kizima cha ramani, na ramani inatoka kwenye mtihani wao wa Kidato cha Nne. Na kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya hilo. Baada ya miaka sita au saba mimi nitakuwa ndiye mwalimu mlezi. Atakuja kijana wa chuo, ana alama 90 na kitu, atageuka ubaoni, kelele zitapanda, na mimi nitakuwa dawati la mwisho. Nitakuwa na la kumwambia kwa sababu yule mama aliniambia. Lakini wenzangu wangapi walipangiwa shule ambazo mwalimu mlezi alisaini daftari tu, hakuingia darasani hata siku moja? Nimewauliza wanane wa kundi letu. Watano.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni moja, na naliomba lipelekwe kwenye kikao kijacho na uongozi wa kitivo kabla ratiba ya muhula haijafungwa. Video zibaki. Maswali ya kuchagua yabaki kama kipimo cha nadharia. Ila kila kozi inayohamishiwa kwenye mfumo ije na karatasi inayoonyesha saa ngapi za mhadhiri zimeokolewa na zimepelekwa wapi, na kwa sisi wa ualimu ziende kwenye kusimama. Na alama ya ufundishaji kiduchu isitolewe kwa mtu ambaye hajasimama mbele ya watu hata mara moja.

Mwezi wa saba tunakwenda tena mashuleni, na karatasi hiyo sidhani kama itakuwa imetoka. Nimeomba ufunguo wa chumba cha semina kilicho karibu na maktaba, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Dada mmoja wa uzamili, aliyefundisha Hisabati miaka minane huko Singida, amekubali kukaa nyuma na kutukosoa bila huruma. Tumefika tisa. Anatakiwa mmoja wa kutimiza kumi, na aje na chaki yake, maana ya chumba imeisha.